Neno la Kumwambia Mama Mkwe

Kule juu ya bonde la Ruvuma, kwa watu wa Fadhili na watu wa mkewe, mwanamume akioa huhamia kwa kina mke. Anajenga uani kwa mama mkwe, analima shamba atakaloonyeshwa, na tangu siku hiyo anaanza maisha ya kukwepa. Mama mkwe akitokea njiani, wewe unaingia porini mpaka apite. Akiwa anakula, hupiti. Humtazami usoni, hukai naye mkeka mmoja, na neno lolote linalohusu mwili, kuanzia kitovu kushuka chini, hata likikukaba kooni unalimeza. Ukiwa na haja naye unamtuma mtu. Fadhili aliishika adabu hiyo barabara, maana alikuwa mtu wa Mtawanya, pembeni mwa mji wa Mtwara, na alijua fika kwamba ukweni wanamngojea akosee waseme, "Si tulisema? Watoto wa mjini hawana haya."

Na huyo mama mkwe mwenyewe hakuwa mtu wa kuchezewa. Bi Somoe alikuwa mkunga na kungwi. Nusu ya watu wa kijiji kile aliwapokea kwa mikono yake wakitoka tumboni, na wasichana wote aliwafunda yeye. Akikohoa tu, wanawake waliokuwa wakisengenya kisimani walikumbuka kuwa wana kazi nyumbani.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwezi wa saba, wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Latifa, mkewe Fadhili, alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yao ya kwanza. Fadhili alirudi shamba macho mekundu kwa ile salfa, akamkuta mkewe amekaa kizingitini anajipapasa tumbo.

"Mwanao kanifunga," Latifa akasema. "Nimekaa chooni mpaka miguu imekufa ganzi. Choo hakuna, na hata upepo hautoki."

"Hata mmoja?"

"Hata ule mdogo wa kumsingizia mtoto wa jirani."

Wakacheka wote wawili. Mke na mume wana maneno yao, na haya hayakuwa mabaya kati yao. Latifa alikuwa mwanamke wa mdomo mwepesi, na Fadhili alimpendea hilo kuliko hata sura.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Tumbo lilimkamata Latifa asubuhi, likamwachia, likamkamata tena. Alitapika uji, akatapika maji, akatapika kitu cha kijani chenye uchungu. Sehemu ya juu ya tumbo ikavimba, ngozi ikavutika. Alipopiga yowe la kwanza, Bi Somoe alilisikia ng'ambo ya uwanja akaja mbio na kanga yake imefungwa kiunoni. Fadhili alitoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi, nyumbani kwake mwenyewe, ili mama mkwe apate kuingia.

Bi Somoe hakukaa sana. "Uchungu huu," akasema. "Umekuja kabla ya wakati wake." Wanawake wakamnyanyua Latifa wakampeleka nyumbani kwa mama yake, pazia likashushwa mlangoni, na tangu hapo nyumba ile ikawa ya wanawake. Mume akabaki barazani kwake, hatua chache tu kutoka pale mkewe alipokuwa akilia, na hana ruhusa ya kusogea.

Sasa Fadhili alikuwa na kaka yake mkubwa, Mussa, mpakiaji wa mizigo bandarini, mwenye nguvu za kubeba magunia mawili kwa mkupuo. Mussa alipoanza kuumwa tumbo, watu wa Mtawanya walimtibu chango, wakamtibu jini, wakamchanja. Tumbo likajaa kama ngoma iliyowambwa, akitapika, na upepo hautoki. Walipomfikisha hospitali, daktari alisema utumbo umejisokota na umeshaoza. Akawaambia neno moja ambalo Fadhili, wakati huo kijana anayeota ndevu, hakulisahau tena: "Mngemleta siku ile upepo ulipokatika." Mussa walimzika kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

Fadhili akakaa barazani anasikiliza mkewe anatapika, na neno la yule daktari likamrudia. Akamwita Mjomba Rajabu, kaka yake Bi Somoe, mzee wa ukoo, ambaye ndiye aliyekuwa daraja kati ya mkwe na mama mkwe.

"Mjomba, nina neno lifike kwa mama. Latifa tangu jana hajaenda choo, na hajajamba. Hata mara moja. Mwambie hivyo hivyo."

Mjomba Rajabu akavuta kanzu yake kama aliyepitiwa na siafu. "Astaghfirullah, Fadhili! Yule ni dada yangu. Nisimame mbele ya dada yangu na wanawake wote wale, niseme... hilo?"

"Liseme utakavyo, mjomba, ila lifike. Kaka yangu alikufa hivi."

"Litafika, litafika. Tulia."

Mzee akavuka uwanja, akakohoa mlangoni, akazungumza na pazia. Akarudi. "Nimefikisha."

"Kasemaje?"

"Kasema amesikia. Utulie."

Basi Fadhili akatulia. Ndiyo, akatulia! Kwa nini asitulie? Bi Somoe aliijua miili ya wanawake kuliko wanavyoijua wenyewe. Kama amesikia kwamba upepo umekatika na bado anasema ni uchungu, basi ni uchungu. Fadhili akajilaumu kwa woga wake, akachota maji, akachanja kuni, akazipeleka karibu na mlango, akarudi barazani kwake.

Kulipokucha siku iliyofuata, uchungu ulikuwa bado unakuja na kuondoka, na mtoto hajulikani alipo. Wanawake walizidi kuja, na walikuja na nyuso za kushuku. Kijijini pale watu walikuwa na imani yao ya tangu zamani: uchungu ukija siku nzima bila kutoa mtoto, ujue una mtu ndani yake. Mmoja kati ya mke na mume ametoka nje ya ndoa, na mtoto hapiti mpaka mwenye kosa amtaje aliyekosa naye. Kisha huyo aliyetajwa huitwa, akaja mbele ya watu, akamnywesha mzazi maji kwa mkono wake, ndipo njia ikafunguka.

Walianza na mume. Mjomba Rajabu akaja kuuliza, na Fadhili akaapa kwa Mungu mmoja kwamba tangu aoe hajamgusa mwanamke mwingine.

"Basi iko huko," mzee akasema, akainamisha kichwa akaondoka.

Ndipo Fadhili akaanza kusikia sauti kutoka nyuma ya pazia. "Taja, mwanangu, mtoto apite." Na sauti ya Latifa, imekwisha: "Sina, mama." "Mtaje, mama, hakuna atakayekupiga." "Sina." "Taja." Jamani! Mtu tumbo linapasuka, yeye anaulizwa majina! Na si kwamba walikuwa wabaya. Kila mmoja pale alitaka Latifa apone, na kila mmoja aliamini kwamba anamsaidia. Huo ndio ubaya wenyewe, maana mtu mbaya unaweza kumfukuza.

Adhuhuri ilipoadhiniwa Mjomba Rajabu alivuka tena uwanja. Safari hii alitembea polepole, na alipofika hakukaa.

"Ametaja."

Fadhili akasimama. "Ametaja nini?"

"Gaudensi. Yule dereva wa salfa."

Gaudensi kila mtu alimjua. Alikuwa Mkristo kutoka upande wa Ndanda, dereva wa pikapu ya tajiri mmoja wa mjini, akipita vijijini na mifuko ya salfa. Alikuwa mtu wa maneno matamu na kofia ya kepu. Fadhili mwenyewe alikuwa ameshanunua salfa kwake, akacheka naye, akampa dafu anywe. Damu ikampanda. Aliona picha zote ambazo mume huziona katika saa kama ile, na sizisemi hapa, kila mtu ana zake.

"Yuko wapi?"

"Kijiji cha jirani, kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Lazima aje amnyweshe maji. Nitamtuma mtu."

"Usimtume mtu. Nakwenda mwenyewe."

"Fadhili..."

Hakusikiliza. Alichukua baiskeli, akachomeka panga kwenye keria nyuma, akaingia njia ya mchanga huku analia. Alilia kwa hasira, akalia kwa aibu, kisha kilio kikageuka, kwa sababu masikioni hakuwa na sauti ya mtu mwingine ila ya Latifa akisema "sina, sina." Mwanamke aliyesema "sina" tangu asubuhi, mchana amesema "ninaye." Amekumbuka nini?

Alimkuta Gaudensi anapakia magunia matupu, anajiandaa kurudi mjini. Dereva alimwona Fadhili, akaliona na panga, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye pikapu.

"Mke wangu amekutaja," Fadhili akasema.

"Mkeo nani?"

"Latifa! Binti wa Bi Somoe!"

"Bikira Maria shahidi yangu, huyo nilimbeba mara moja tu, yeye na mama yake, nikawapeleka kliniki. Mama yake alikaa kati yetu njia nzima akinikazia macho. Kaka, mimi nina mke na watoto Ndanda. Nimetajwa wapi? Nimetajwa kwa nini?"

Fadhili alifungua mdomo amtukane, yakatoka mengine. Akamweleza. Kwamba Latifa ni mgonjwa, kwamba tumbo limejaa kama ngoma, anatapika kijani, mtoto hapiti, choo hakuna, upepo umekatika. Akajisikia mwenyewe anavyosema. Ilikuwa ni habari ya Mussa neno kwa neno, kasoro jina.

Gaudensi alikuwa amemsikiliza kwa makini. "Na huyo mama yake anajua hilo la upepo?"

"Anajua. Nilimtuma mjomba."

"Mjomba mzee? Kaka wa huyo mama?" Gaudensi akauliza. "Alilitamka neno lenyewe?"

Fadhili akaikumbuka jana. Alimwona Mjomba Rajabu akivuta kanzu, alimwona akizungumza na pazia. Akalichomoa lile panga, Gaudensi akajikunyata, lakini Fadhili alilitupa tu ndani ya pikapu pamoja na baiskeli.

"Twende," akasema. "Njoo na gari."

"Nikifika wataniua?"

"Hawatakuua. Mimi ndiye niliyetaka kukuua, na nimeacha."

Gaudensi aliendesha gari la tajiri wake bila kulihurumia, likiruka kwenye mizizi ya mikorosho. Mjomba Rajabu alikuwa amesimama uwanjani. Fadhili aliruka kabla gari halijasimama.

"Mjomba, jana ulimwambiaje mama? Neno kwa neno."

Mzee alitazama chini. "Nilimwambia... mkwe anasema tumbo la mgonjwa bado halijatulia."

"Hayo tu?"

"Kwa adabu, mwanangu. Nilisema kwa adabu."

Hakuna tusi ambalo Fadhili angeweza kumtukana mzee yule likatosha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa mzee mzima alikuwa amemfichia mtu mwingine maradhi yake, kwa heshima! Fadhili akampita. Akavuka uwanja, akakamata pazia la mama mkwe wake, akaingia.

Wanawake walipiga kelele. Mmoja alimtupia Latifa kanga mwilini, mwingine alisema, "Mkwe kaingia wazimu!" Bi Somoe, aliyekuwa amekaa kichwani kwa mgonjwa, aligeuka upesi akautazama ukuta, kama inavyompasa mama mkwe. Kwa hiyo Fadhili alizungumza na mgongo wake.

"Mama, unisamehe. Latifa hajaenda choo na hajajamba tangu juzi. Hajajamba, mama."

Mtu akasema "Haa!" Mgongo wa Bi Somoe haukutikisika.

"Kaka yangu Mussa alianza hivi hivi. Akatapika hivi, akavimba hivi, upepo ukakatika, tukamzika. Nilimtuma mjomba akwambie, akaona haya. Na mimi naona haya, mama, lakini mke wangu anakufa. Wewe ndiye fundi. Weka mkono wako wewe mwenyewe, maumivu yakija uniambie kama ni uchungu."

Latifa alianza kuguna, maumivu yalikuwa yanakuja. Bi Somoe aligeuka. Hakumtazama mkwewe, alimtazama binti yake, akaweka mkono mmoja chini, juu ya mtoto, na mwingine juu karibu na mbavu. Latifa akajipinda, akapiga yowe. Bi Somoe akangoja mpaka yowe likaisha. Kisha akagonga lile tumbo la juu kwa kidole, taratibu, likalia kama ngoma.

"Mji wa mimba umelala," akasema kwa sauti ndogo. "Haukukaza hata kidogo." Akaupapasa tena. "Haukukaza tangu jana."

Mwanamke mmoja mlangoni, ambaye hakuwa ameelewa, akauliza, "Basi yule dereva aje na maji?"

"Maji ya nini!" Bi Somoe akafoka, na sauti yake ikapasuka. "Nyanyueni mtoto wangu! Mwambieni huyo Gaudensi asizime gari!"

Pikapu ya mizigo haina upande wa wakwe. Latifa alilazwa juu ya magunia matupu, kichwa mapajani kwa mama yake, miguu mapajani kwa mume wake, na kila gari liliporuka, magoti ya Fadhili yalimgonga Bi Somoe. Hakuna aliyesema samahani. Bi Somoe alisoma dua njia nzima midomo ikichezacheza. Walipopita Mtawanya, Fadhili alikiona kiambo chao, na ng'ambo kidogo makaburi, akageuza uso.

Hospitalini muuguzi aliyewapokea aliitwa Esta, mama mmoja wa bara, mnene, asiyejua kunong'ona. Swali lake la pili lilikuwa, "Anajamba?" Akaliuliza mbele ya wagonjwa wote, kama anayeuliza bei ya nyanya. Bi Somoe alifumba macho.

"Hajajamba," Fadhili akajibu, kwa sauti kubwa vilevile.

Daktari alipima, akasikiliza kwa vyombo vyake, akasema utumbo umejisokota na ni lazima mgonjwa apasuliwe jioni ile ile. Fadhili akauliza juu ya mtoto. "Mtoto siwaahidi," daktari akasema. "Mama nitajaribu."

Walimfungua. Utumbo ulikuwa umejizungusha, na kipande chake kilikuwa kimeshakufa, wakakikata wakaunganisha. Daktari alitoka amechoka, akasema wangechelewa mpaka kesho yake, asingekuwa na kitu cha kuunganisha. Asubuhi, mji wa mimba uliokuwa umelala siku zote zile ukaamka. Mtoto alitoka, wa kiume, amekamilika vidole na kucha, na hakuwa na pumzi.

Fadhili na Mjomba Rajabu, aliyekuwa amewafuata mjini, walimzika Mtawanya, karibu na Mussa. Mzee alilia kaburini kuliko baba mwenyewe. Alitaka kusema kitu, Fadhili akamwambia, "Mjomba, tufukie tu." Hakumchukia. Alitamani kumchukia, ingekuwa nafuu, lakini yeye mwenyewe alikaa barazani siku nzima akichanja kuni, na pazia lile lilikuwa kitambaa tu.

Bi Somoe hakwenda kuzika. Alikaa kwenye ukumbi wa nje wa wodi na mikono yake imelala mapajani, viganja juu. Mikono ile ilikuwa imepokea kijiji kizima, na mjukuu wake mwenyewe alipokewa na watu wengine, kimya. Fadhili alipita mbali, kwa adabu, akamsikia anauambia ukuta: "Nilikuwa nauliza majina. Mkono wangu ulikuwa juu ya tumbo, na mimi nauliza majina." Mkwe hamjibu mama mkwe, akaendelea na njia yake.

Ilibaki roho ya Latifa. Alilala na mpira puani na dripu mkononi, midomo imekauka. Esta aliwaambia wazi: utumbo uliokatwa na kuungwa hauaminiki mpaka ufanye kazi. Hakuna chakula, hata uji, hata maji ya kujaza kikombe, mpaka ajambe. Akijamba, amevuka. Asipojamba, tumbo likaanza kujaa upya, ni kumfungua tena, "na safari ya pili," Esta akasema, kwa mara ya kwanza akishusha sauti, "si kama ya kwanza."

Wakangoja. Kila asubuhi Esta alifunua shuka akauliza swali lake, na Latifa akatikisa kichwa. Bi Somoe alishinda kitandani pale, sikio lake juu ya tumbo la binti yake, mbali na mshono, akisikiliza kama alivyosikiliza mapigo ya watoto maisha yake yote. Wageni wa vitanda vya jirani walimwona kichaa.

Saa ya kuona wagonjwa Bi Somoe alitoka kumpisha mkwewe. Fadhili akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameapa hatauliza, si leo, si na ule mpira puani. Lakini Latifa alimjua.

"Uliza," akasema.

"Sina swali."

"Unalo. Limekukaa usoni." Akameza mate kwa shida. "Walikuwa hawanyamazi, Fadhili. Taja, taja. Nikaona, nikitaja mtu wa pale kijijini, atakuja kwa miguu, atanipa maji, nitayatapika, nitakufa. Nikamtaja mwenye gari."

Fadhili alimtazama.

"Nani mwingine ana gari?" Latifa akasema.

"Ungekufa, ungekufa na jina baya."

"Jina zuri lingenisaidia nini kaburini?"

"Nilikwenda na panga."

"Najua. Mama ameniambia." Mdomo wake ukajaribu kucheka, ukashindwa. "Nilijua utakasirika. Lakini nilijua utakwenda mwenyewe."

Fadhili akaweka uso wake kwenye kiganja cha mkewe, kile kisicho na dripu, akalia bila kujali nani anamwona. Alimlilia mtoto, akalilia na ile safari ya baiskeli, na kila neno alilomtukana njiani. Latifa hakuwa na nguvu za kulia. Alifumba macho tu.

Esta alipokuja jioni kugusa tumbo, alilibonyeza mara mbili na hakusema kitu. Fadhili aliona kwamba hakusema kitu.

Kesho yake asubuhi, ndugu za wagonjwa walikuwa wamejaa uani mwa hospitali, na ndoo zao na mabakuli yao. Fadhili na Mjomba Rajabu walikaa kwenye mkeka. Mlango wa wodi ukafunguka, akatoka Bi Somoe, na Fadhili akafanya kama alivyozoea: akainamisha kichwa, akajisogeza, amngoje mzee ainuke akapokee ujumbe. Mjomba Rajabu akaanza kuinuka.

"Kaa, kaka," Bi Somoe akasema. "Hili usinitengenezee."

Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ncha ya mkeka. Fadhili aliona miguu yake, ina vumbi, imesimama mbele yake. Akangoja ipite. Haikupita.

"Niangalie, baba."

Fadhili aliinua uso. Hakuwahi kuyaona macho ya mama mkwe wake kwa karibu. Yalikuwa ya Latifa, yaleyale, ila yamezeeka, na machozi yalikuwa yakitiririka bila yeye kuyafuta.

"Mwanangu amejamba," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni ya dawa. "Nimesikia kwa sikio langu. Amejamba, baba."

Watu wakageuka. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Mjomba Rajabu akatazama pembeni, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Alhamdulillahi," Fadhili akasema.

"Alhamdulillahi," Bi Somoe akajibu. Akavua ndara zake, akaketi kwenye mkeka ule ule, akaomba maji ya kunywa, na Fadhili akampa kikombe mkononi.